Majina Yaliyohama na Fedha Zilizobaki

Nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, lililotokea hapa Masoko katika kazi ya kupanga majedwali kwa kompyuta.

Usharika wetu una mfuko wa kuzikana. Kwa miaka mingi mtunza hazina aliandika katika daftari kubwa jina la mtu, nambari ya simu, tarehe, na fedha aliyotoa. Wazee wakaniomba, kwa kuwa mimi ni mwalimu, niyatie yote katika kompyuta. Nikakubali kwa furaha, tena kwa majivuno kidogo. Mwezi mzima, kila jioni, nikaandika huku mvua yetu ya Rungwe ikipiga bati.

Hata nilipomaliza, nikaona ni vyema majina yafuate alfabeti. Nikaiagiza kompyuta iipange safu ya majina, nayo ikatii mara moja. Lakini nilikuwa nimeishika safu ile moja tu. Majina yakahama, fedha zikabaki palepale, wala sikutambua. (Alfabeti yenyewe haikunifaa sana, maana sisi Wanyakyusa wengi wetu ni Mwakalinga, Mwaipopo, Mwakyusa, herufi ya M ikajaza kurasa.)

Jumapili iliyofuata nikasoma mbele ya watu majina ya wanaodaiwa, nikamtaja mama mmoja mjane ambaye hajakosa kutoa hata mwezi mmoja. Hakusema neno. Akasimama, akajifunga khanga yake, akatoka. Jioni akaja kwangu na stakabadhi zake amezikunja katika kitambaa, akaziweka mezani moja moja. "Mwalimu," akasema, "soma." Nikasoma, nami nikaona haya nisiyoweza kuieleza.

Kwa bahati njema daftari lilikuwapo bado, na fedha zilikuwa zingali zikifuata mpango wa daftari. Basi ilinipasa kurudishia majina tu. Kijana mmoja wa huku, anayejifunza habari za kompyuta, akanionyesha njia iliyo salama zaidi. Akaandika maagizo machache kwa lugha ya Python, akitumia kitu wanachokiita maktaba. Maktaba hiyo si nyumba ya vitabu, bali ni kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, ili wewe usianze upya. Kama seremala anayeazima randa kwa jirani, asihangaike kufua chuma mwenyewe. Aliyoitumia yeye huitwa pandas. Aliianza Mmarekani, Wes McKinney, mwaka 2008, na yeyote aweza kuitumia bila kulipa. Humo, ukiagiza jedwali lipangwe kwa majina, mstari mzima huhama pamoja, kama kuku na vifaranga vyake.

Lakini taabu haikuisha hapo. Faili la kuhamishia majedwali mara nyingi ni maandishi matupu: kila mstari ni mtu mmoja, na mikato ndiyo mipaka ya safu. Nami nilikuwa nimeandika "Mwaipopo, Yohana". Kompyuta ikadhani mkato ule nao ni mpaka, ikalikata jina vipande viwili, na nambari ya simu ikasukumwa hata mahali pa tarehe. Dawa yake ni kulifunga jina zima kwa alama za kunukuu. Desturi hiyo ya zamani iliandikwa kwa utaratibu mwaka 2005. Kadhalika sifuri ya mbele ya kila nambari ya simu ilipotea, kwa maana kompyuta iliihesabu kuwa tarakimu ya bure. Sharti iambiwe kwamba simu ni maandishi, si hesabu. Na tarehe yetu ya 5/3 ikasomwa kuwa siku ya tatu ya Mei, kwa kuwa Wamarekani hutanguliza mwezi. Kijana alikuwa akiyajua yote hayo, akayaagiza moja moja. Mimi nilikaa kando nikishika daftari, nikilinganisha.

Hata wakubwa hukwama. Mwaka 2020, huko Uingereza, watu 15,841 walioonekana kuwa na ugonjwa wa korona waliachwa katika hesabu za siku kadhaa, maana majedwali yalitiwa katika faili la namna ya kale lisiloweza kupita mistari 65,536. Mistari iliyozidi ikaachwa nje, na kazi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa.

Baada ya majuma mawili nikasimama tena kanisani, nikaungama kosa langu, nikasoma orodha iliyotengenezwa. Mama yule alikuwa ameketi karibu na mlango. Watu walipotawanyika akaniuliza kama lile daftari la karatasi litachomwa moto sasa.

"La, mama," nikamjibu, "limo kabatini, na ufunguo anao mzee wa kanisa."

"Vema," akasema, akaenda zake.