Kidole Kimoja cha Kijani

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kiabakari, na kwa siku mbili nilitembea kijijini nikiwa nimepakwa rangi kidole kimoja, kile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Rangi yenyewe ilikuwa ya kijani, ya aina inayoitwa hologramu. Aliyenipaka ni binti wa dada yangu, na ndiye aliyeitengeneza.

Binti huyu alimaliza kidato cha sita, akasubiri ajira, akachoka kusubiri. Sasa huagiza kutoka Mwanza kimiminika angavu cha kutengenezea rangi ya kucha, hukichanganya na rangi ya unga na chembe zinazometa, kisha hujaza chupa moja moja kwa bomba la sindano. Ndani ya kila chupa hutumbukiza gololi mbili ndogo za chuma, ili mteja akiitikisa rangi isibaki imetuama chini. Chupa moja huiuza shilingi 3,000.

“Mjomba,” aliniambia, “wateja wangu wote ni rafiki zangu, na wote wananisifu. Nataka mtu wa kuniambia ukweli.”

Nikampa kidole.

Ukweli ni huu. Mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa mwepesi, kucha ikaonekana. Wa pili ukafunika vizuri. Ilikauka kabla sijamaliza kikombe cha chai. Ndani ya nyumba ilikuwa kijani cha kawaida, kama jani la mgomba, nami nikajiuliza hiyo hologramu iko wapi. Nilipotoka uani jua likaipiga, na upinde wa mvua mzima ukafunguka juu ya ukucha mdogo. Kila chembe ina mistari myembamba isiyoonekana kwa macho, nayo huutawanya mwanga katika rangi zake, kama ufanyavyo uso wa sidii. Siku ya pili nilipalilia mihogo, na pembe moja ikabanduka. Nilimweleza yote hayo, naye akayaandika kwenye daftari.

Kilichonifundisha zaidi ni safari ya kwenda barabarani, pale njia ya Butiama inapoachana na barabara kuu ya Musoma na Mwanza. Kijana wa bodaboda alicheka. Mzee mmoja aliyesoma na marehemu baba yangu aliniuliza kwa upole kama huko chuoni mambo ni salama. Mama muuza dagaa alitaka kujua mke wangu anasemaje. Waliniuliza kuhusu heshima yangu, ndoa yangu na akili yangu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza rangi ile imetengenezwa na nani.

Siwalaumu, maana mimi nimefanya baya zaidi. Miaka kadhaa iliyopita nilimtoa mwanafunzi katika chumba cha semina kwa sababu ya kucha zake ndefu za bluu. Nilimwambia hayo si mavazi ya msomi. Alirudi wiki iliyofuata akiwa amezikata, akakaa nyuma, na hakuchangia tena hoja hadi muhula ukaisha. Wakati ule nilihesabu kimya chake kuwa nidhamu.

Sikulibuni jambo hilo peke yangu. Mwaka 1967 taifa letu lilipewa Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, kazi za Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, jirani zetu. Mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, nywele bandia, suruali za kubana na krimu za kujichubua, kuanzia Januari 1, 1969. Nusu karne baadaye, Septemba 2018, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alizuia wabunge wanawake wenye kope na kucha bandia kuingia bungeni. Ipo hoja ya afya katika baadhi ya makatazo hayo, hasa kuhusu krimu, nami siipuuzi. Lakini mjadala wetu haukukaa sana kwenye afya. Uliishia kwenye mwili wa mwanamke na tabia yake.

Hoja ya afya nimeikuta jikoni kwa dada yangu. Binti alikuwa akichanganya rangi zake hatua tatu kutoka kwenye jiko la mkaa lenye moto, dirisha limefungwa ili vumbi lisiingie. Rangi ya kucha kwa kawaida hutengenezwa kwa nitroselulosi, jamii ileile ya dutu iliyotumika kutengeneza baruti isiyo na moshi, ikiwa imeyeyushwa katika vimiminika vinavyoshika moto upesi. Nilimuuliza kimiminika chake kina nini hasa. Hakujua. Dumu halikuwa na maandishi yoyote. Jioni ile tulihamishia kazi yake kibarazani, mbali na moto.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO, akapata barua ya utambulisho na kuongozwa katika safari ya ubora. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Milango ipo. Alipokwenda katika ofisi moja kuulizia utaratibu, aliyempokea alitazama mikono yake na kumshauri atafute kazi ya maana. Alirudi nyumbani, na hakuenda tena popote.

Ndugu zangu watumishi wa umma, hapo ndipo tunapokosea. Binti huyu anahitaji mtu wa serikali amuulize dumu lake lina nini, chumba kinaingiza hewa kiasi gani, na chupa yake ina lebo au haina. Hayo ni maswali halali, na jibu lake linaweza kuokoa nyumba isiungue. Tunayaacha, tukauliza kucha zake zinatangaza tabia gani.

Nimemwahidi kumsindikiza Musoma, SIDO, wiki ijayo. Nitakaa kwenye benchi la nje. Maswali atauliza mwenyewe.

Chuoni kwetu mimi ni mjumbe wa kamati ya mwongozo wa mavazi, na kifungu cha kucha nilikiandika mimi. Kamati itakapokutana nitaomba kifutwe. Yule mwanafunzi sijui aliko. Kama anasoma hapa, namwomba radhi. Na ile hoja aliyokuwa ameanza kuitoa siku ile, kabla sijamkatiza, ningependa kuisikia hadi mwisho.