Jina la Mjukuu wa Pili

Binti yangu alipojifungua mtoto wake wa pili wa kiume, huko mjini Cork, kusini mwa Ayalandi, nilikaa karibu na simu nikingoja kuambiwa jambo ambalo nilidhani ninalijua tayari. Sisi Wakikuyu hatuchagui majina. Mvulana wa kwanza ni wa babu mzaa baba, wa pili ni wa babu mzaa mama. Jina hutangulia, mtoto akafuata. Tena aliyepewa jina la mtu huitwa kama mtu mwenyewe. Binti yangu ana jina la marehemu mama yangu, nami nimemwita "mama" tangu alipokuwa hajaota meno. Sikujaliwa mtoto mwingine. Mume wake ni Mwayalandi, na mvulana wao wa kwanza alipewa jina la babu yake wa huko. Kwa hiyo huyu wa pili alikuwa zamu yangu, na ninaitwa Kairu.

"Baba," akasema, "tunamtafutia jina la Kiayalandi."

Nikajibu kwamba ni vyema. Usiku ule sikula, na mke wangu akaniuliza kama ni tumbo.

Siku mbili baadaye aliniletea orodha nitoe maoni, nadhani kwa kunipoza. Niliisoma kama nilivyozoea kusoma insha za wanafunzi, kalamu mkononi. Msomaji, mtu aliyefundisha ba-be-bi-bo-bu kwa miaka zaidi ya thelathini asipewe maandishi ya Kiayalandi bila kuonywa. Alfabeti yao ya jadi ina herufi 18 tu. Haina k wala v, lakini sauti zote mbili wanazo. C ni k siku zote, na mh au bh huweza kuwa v. Tadhg, jina lenye maana ya mshairi, husomwa "taig". Oisín, paa mdogo, husomwa "oshin". Caoimhín nililikodolea macho hadi nikaligundua: ni Kevin! Nimewaita akina Kevin wangapi kwenye rejista, nisijue kwamba ni jina la mtakatifu wa Glendalough, na kwamba maana yake ni uzao mpole? Baadhi yao hawakuwa wapole hata kidogo.

Jina la mwisho lilikuwa Fionn, limepigiwa mstari. Ni shujaa mkubwa wa hadithi zao za kale. Maana yake ni mweupe.

Nilipiga simu papo hapo. Nikamwambia, "Mama, unamwita mtoto Mweupe ili asahau nini?"

Alinyamaza muda mrefu. Nilisikia kitoto kikilia nyuma yake. Kisha akasema polepole kwamba mwanawe mkubwa ameanza shule, na kila mtu mgeni humwuliza ametoka wapi, naye amezaliwa mtaa wa tatu kutoka shuleni. Akasema anataka huyu mdogo awe na jina litakalomfungulia mlango kabla uso haujaulizwa maswali. Hakuniambia nimekosea. Nilitamani aniambie.

Jioni ile akapiga mkwe wangu. Ni kijana mtaratibu, na Kiayalandi alikisoma shuleni kama watoto wengi wa huko. Aliniambia kwamba hata kwao, zamani, mvulana wa pili alipewa jina la babu mzaa mama, ila vijana wengi wameiacha desturi hiyo. Kisha akauliza, "Kairu maana yake ni nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Padri aliyenibatiza miaka ya hamsini hakuuliza. Alikuwa Mwayalandi pia, na alimwambia baba yangu kwamba Kairu si jina la mtakatifu, akaniandika Patrick. Baadaye chuoni, nilipokuwa ninajifunza ualimu, nikasoma kwamba Patrick mwenyewe hakuzaliwa Ayalandi. Alitoka Uingereza ya enzi za Warumi, akapelekwa huko mtumwa.

Nikamweleza mkwe wangu: irũ ni weusi, ka ni udogo. Mweusi mdogo.

Akacheka, akaomba radhi kwa kucheka. "Huyo tunaye," akasema. Ciar ni weusi, -án ni udogo. Sisi tunautanguliza udogo, wao wanaupachika mwisho. Ciarán, tamka "Kiaran". Tena ni mtakatifu, aliyejenga monasteri ya Clonmacnoise kando ya mto Shannon katika karne ya sita. Yule padri wangu alitoka katika nchi yenye mtakatifu Mweusi Mdogo, akavuka bahari, akaniambia jina langu halimo mbinguni!

Bila shaka weusi wa Ciarán ni wa nywele au wa sura kwa kipimo chao. Mtu wa asili ya Afrika, kwa Kiayalandi cha jadi, huitwa "mtu wa buluu", jambo ambalo limenishinda kulieleza kwa wazee wenzangu.

Mmoja wao, tuliyetahiriwa pamoja, hakuridhika. Alisema jina halitafsiriwi. Ukilitafsiri umemzaa mtu mwingine. Siku nyingine ninakubaliana naye. Katika cheti cha ubatizo kumeandikwa Ciarán, na hakuna Kairu popote.

Juzi nilikuwa ninazungumza na binti yangu kwa simu kuhusu bei ya majani ya chai, nikiwa katikati ya maneno, akanikatiza: "Baba, hebu nyamaza kidogo!" Nikanyamaza. Nikangoja. Baada ya kitambo akarudi akashangaa.

"Mbona umenyamaza? Nilikuwa ninamwambia mtoto."