Kuondoka Si Kosa, Kutoaga Ndiko Kosa

Katika ujana wangu nilipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ndogo ya mtaani. Jumamosi moja sikwenda mazoezini, na Jumamosi iliyofuata pia sikwenda. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uandishi wa habari, nami nikadhani kuwa mtu anayejiendeleza hana deni la maelezo. Mwezi uliopita nilikutana na mpiga tumba wetu katika kituo cha basi. Tulisalimiana kama wageni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza habari za Justin Vernon, mwimbaji wa Marekani ambaye nyimbo zake za gitaa zina mizizi katika muziki wa kienyeji wa huko. Mwaka 2005 yeye na wenzake wa bendi ya DeYarmond Edison walihama Eau Claire, mji wao katika jimbo la Wisconsin, wakaenda kujaribu bahati mjini Raleigh, North Carolina. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika. Wenzake watatu waliunda bendi yao, Megafaun. Vernon, akiwa ametoka kuugua, alirejea kwao akajitenga katika kibanda cha baba yake msituni wakati wa baridi kali.

Humo alirekodi peke yake, akiipandanisha sauti yake mara nyingi hata ikasikika kama kwaya. Mtu aliyeachana na wenzake alikuwa akijitengenezea wenzake! Albamu hiyo, For Emma, Forever Ago, aliitoa mwenyewe mwaka 2007 kwa jina la Bon Iver, na mwaka 2008 ikatolewa na kampuni ya Jagjaguwar. Mwaka 2012 Bon Iver ilipata tuzo mbili za Grammy.

Lakini kilichonigusa si tuzo. Albamu ya Bon Iver ya mwaka 2019, i,i, ina jina la Brad Cook miongoni mwa watayarishaji wake. Huyu ni mmoja wa wale watatu. Na mwaka 2023 kazi za bendi ile ya zamani zilikusanywa zikatolewa upya. Mlango ulikuwa haujafungwa.

Tumelelewa kwa methali kwamba umoja ni nguvu, nayo ni ya kweli. Hata hivyo, umoja si kamba ya kumfunga mtu. Wewe unayetaka kuacha kwaya, karakana au duka la ubia, ondoka ikiwa moyo umekutuma. Lakini waage wenzako, uwashukuru kwa walichokufundisha.

Jumamosi ijayo nitakwenda kwa mpiga tumba wetu. Siendi kuomba kurudi bendini, kwani bendi yenyewe haipo tena. Nakwenda kuaga, ingawa nimechelewa miaka kumi na mitano.