Mbona Mnamkimbiza?

Msomaji, kabla sijafika mbali nikiri kosa langu, maana wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwaka 2004, nikiwa na umri wa miaka 11, niliifuta kanda ya baba yangu.

Kwetu ni Vugiri, juu milimani, wilaya ya Korogwe. Ukipanda kutoka mjini unaacha joto na mkonge huko chini, unapokewa na ukungu na mashamba ya chai. Baba alikuwa karani wa mizani. Wachumaji wakileta majani yeye anapima, anaandika kilo, anapima tena. Mtu wa hesabu, asiye na haraka kabisa. Alikuwa na redio kaseti moja, na kanda moja aliyoipenda kuliko zote. Hakuinunua dukani. Aliirekodi mwenyewe kutoka redioni, usiku baada ya usiku, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe, akisubiri mtangazaji amalize maneno yake.

Humo mlikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mlikuwa na taarabu ya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila. Vyote vya Tanga! Kwa baba muziki ulianzia Tanga, ukaishia Tanga. Na kati ya wimbo na wimbo, kwa kuwa redio ile ilikuwa na maikrofoni yake na baba alisahau mara nyingine kuzima, zilinaswa sauti za nyumbani: mbuzi, mvua juu ya bati, mama akicheka. Siku hizi ningesema baba alitengeneza miksi. Wakati ule tuliita tu "kanda ya baba".

Basi mimi, kwa utoto wangu, nikataka bongo fleva. Kanda tupu sina, hela sina. Nikaichukua ile, nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nikarekodi juu yake upande mzima na karibu wote wa pili. Baba aliporudi jioni akaweka kanda yake. Hakunipiga. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitoa, akasema, "Haya." Neno hilo moja tu. Bwana wee, ningependelea fimbo.

Baba alifariki mwaka 2009. Kwenye kanda kilibaki kipande kimoja mwishoni mwa upande wa pili, sekunde 11 ambazo bongo fleva yangu haikuzifikia. Gitaa la taarabu linamalizia, mvua inaanza, na baba anasema, "Zima, zima, mvua hiyo." Mama anacheka. Kwisha.

Mimi nikashuka Dar es Salaam kuuza vifaa vya simu. Nikapanga chumba Mburahati, na huko ndiko singeli iliponikuta. Nilikuwa siipendi, nisiseme uongo. Wiki haipiti bila kigodoro mtaani, spika zimepangwa mpaka mlangoni kwako, midundo 200 kwa dakika na wakati mwingine zaidi, na kijana mwenye kipaza sauti anayemwaga maneno kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nikawa nasema kama wazee wote, hii si muziki, hii ni homa.

Kumbe nilikuwa nalala jirani na historia. Mburahati ndipo ilipo studio ya Sisso, na mwaka 2017 kazi za vijana wa studio ile zilikusanywa kwenye albamu ya Sounds of Sisso, ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Baada ya hapo vijana wa uswahilini wakapanda majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2022 ikatoka Mr Mixondo ya DJ Travella, kijana mdogo kabisa, kupitia lebo hiyohiyo. Jirani yangu mmoja, dijei wa mtaani, aliisikiliza hiyo kama mwanafunzi anavyosoma kitabu cha mtihani.

Siku moja umeme ulikatika kwangu, kwake upo. Nikaenda kuchaji simu, nikamkuta amekaa mbele ya kompyuta yake anakata kipande cha taarabu. Sekunde mbili tatu hivi za kinanda. Akakifanya kijirudie, akakiongezea kasi mara mbili, akaweka ngoma chini yake. Nikashtuka. Nikamwambia, "Dogo, rudisha kama kilivyokuwa." Akarudisha. Ilikuwa taarabu ya harusini, ile ambayo mama zetu wanaitunzia hela! Akacheka. "Sasa braza, wewe ulidhani singeli imeshuka toka mbinguni?"

Ndipo nilipofunguka masikio. Tanga waliingiza gitaa na besi kwenye taarabu, watu wakainuka vitini wakacheza. Dar wakaja na vinanda vya umeme. Wenzao wa mchiriku wakakamata Casio ndogo za bei rahisi wakazipigia kwenye vipaza sauti. Watoto wa vigodoro wakachukua miisho ya taarabu, pale mwimbaji anaponyamaza na vyombo vinachachamaa, wakaikimbiza. Kila kizazi kilirekodi juu ya kanda ya baba yake. Lakini wao hawakufuta. Mimi nilifuta.

Nikampelekea fundi wa Kariakoo ile kanda, akanihamishia zile sekunde 11 kwenye simu. Nikampa dogo. Akanitengenezea miksi ya nusu saa, na katikati yake baba yangu anasema "zima zima zima zima mvua hiyo" kwa sauti nyembamba kama ya kinda la ndege, na ngoma inafuata. Mtaani waliipenda. Mimi nilijiona nimelipa deni.

Mwaka huohuo nikapanda Vugiri, nikamwekea mama. Alisikiliza ameegemea kizingiti, mikono ina unga. Ilipofika pale akainua mkono.

"Mwe! Huyu si baba yako?"

"Ndiye, mama."

"Sasa mbona mnamkimbiza?" Akanyamaza kidogo. "Baba yako hata mvua ikinyesha alikuwa anatembea."

Akarudi jikoni. Sikuwa na jibu.

Niliporudi Dar nikamwambia dogo apunguze. Akakataa katakata. "Braza, ukipunguza spidi singeli inakufa." Tukabishana karibu wiki. Mwisho akasema, basi, sipunguzi, nasimamisha. Akaizima ngoma yote. Katikati ya zile kelele panakuja kimya, halafu gitaa, mvua, na baba anasema maneno yake kwa mwendo wake mwenyewe, na mama anacheka kicheko chake chote. Sekunde 11. Kisha ngoma inaanguka tena kama bati limeng'oka.

Mama aliposikia hiyo hakusema kitu. Alinirudishia simu, akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akasema tena. Mara ya tatu alishika simu mwenyewe, akaenda nayo nje kwenye ukungu. Zile nyingine zote mpaka leo anaziita makelele, na sibishani naye.

Sitakudanganya, msomaji, kwamba miksi ile ilirudisha kanda. Shakila wa redioni utampata popote ukimtafuta, ila yule aliyekatizwa na mbuzi wetu hayupo tena.

Kwa hiyo nina neno moja tu kwako. Kama kwenu bado kuna kanda ya mzee sandukuni, igeuze uitazame mgongoni. Kuna vijiplastiki viwili pembeni. Vivunje leo, na kanda haitarekodiwa tena juu yake. Baba yangu alijua hilo. Hakuvivunja, nadhani, kwa sababu alikuwa bado anaendelea kurekodi.