Sheria na Vurugu: kutoka kambi hadi hulka

Nilijifunza Dungeons & Dragons miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi Wisconsin, jimbo la Marekani ambako mchezo huo wa kuigiza wahusika ulichapishwa mara ya kwanza mwaka 1974. Sanduku letu lilikuwa toleo la 1981. Kabla ya safari, kila mchezaji alichagua upande: Sheria, Vurugu, au kutofungamana. Kwangu mimi, Mtanzania niliyekulia katika siasa za nchi zisizofungamana na upande wowote, huo wa tatu haukuhitaji maelezo.

Pande hizo zilikuwa kambi za vita. Kila kambi ilikuwa na lugha yake ya siri, hata zimwi la upande wako uliweza kusemezana nalo. Fikra hiyo ilitoka katika riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock, ambamo Sheria na Vurugu zinagombania ulimwengu mzima.

Baadaye nikahamia kundi lililotumia kitabu cha wachezaji cha 1978. Humo Gary Gygax, mmoja wa waliobuni mchezo huo, alikuwa ameongeza mizani ya pili, wema na uovu, na misimamo ikawa tisa. Ubishi haukwisha. Paladini, shujaa mtakatifu, alipaswa kushika sheria na wema kwa pamoja. Akitenda uovu kwa kujua, hadhi yake ilipotea moja kwa moja. Je, avunje ghala la mtawala katili awalishe wenye njaa? Tulikesha tukimhukumu, majoka yakitungoja.

Wema ulipoingia, Sheria ikapungua uzito, ikawa hulka ya mtu tu. Toleo la 2008 lilibakisha misimamo mitano. La 2014 lilirudisha tisa, lakini paladini sasa anafungwa na kiapo chake, na kanuni chache mno zinauliza msimamo wa mtu.

“Mjomba, nikiandika Vurugu napata nini?” mpwa wangu aliniuliza, kalamu mkononi.

“Kwa kitabu hicho cha 2014, karibu hupati kitu.”

Hapo ndipo ninapoikumbuka kambi. Hulka yako unaipima mwenyewe, na ni nadra kujinyima alama. Upande wako wanaupima wenzako, tena hatari ikiwa mlangoni. Ndiyo maana nikiwaendeshea wapwa zangu mchezo natumia pande tatu tu. Wakianza kuulizana nani atasimama na nani, najua mchezo umeshaanza, hata kama dadu bado haijarushwa.