Usiku wa Jidda na Mlango wa Nyumba Zetu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kutekeleza Umra na kurejea salama, tumeona ni vyema tuwasimulie wasomaji wetu habari za mji ambao wengi katika mahujaji huupita tu, mizigo mikononi. Jidda ndiyo mlango wa Makka, na safari hii tulikaa hapo siku nne.

Mji wake wa kale, al-Balad, haumpotezi mtu wa Pwani. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, orofa juu ya orofa, na madirisha yake ya mbao ya kuchonga, ambayo wenyeji huyaita rawashin, yametokeza nje juu ya vichochoro vyenye kivuli. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014, kama Mji wa Kale wa Lamu ulivyoingizwa mwaka 2001. Mbele ya Bayt Nasif, nyumba ya tajiri iliyojengwa katika karne ya 19, umesimama mwarobaini mkongwe ambao wenyeji husema zamani ndio uliokuwa mti pekee mjini. Humo mna pia Msikiti wa Shafi'i, wenye jina la imamu wa madhehebu yetu. Tuliswali humo tukajihisi tuko nyumbani.

Hata hivyo, kilichotushughulisha fikra zaidi si mawe bali ni usiku wa mji ule. Baada ya Isha viwanja hufurika watu: familia na watoto wao, vijana wa kiume na wa kike, mikahawa yenye muziki, na huko ufukweni taa zisizozimwa hadi karibu na alfajiri. Aliyeijua Jidda ya miaka 20 iliyopita angedhani amepotea njia.

Mabadiliko haya yameletwa na sheria. Baada ya watu wenye silaha kuuteka Msikiti Mtukufu wa Makka mnamo Novemba 1979, dola ya Saudia ilikaza kamba katika mambo ya jamii, na kumbi za sinema zikafungwa. Kisha kamba ikalegezwa kwa haraka. Aprili 2016 polisi wa dini, wanaoitwa mutawa, waliondolewa mamlaka ya kufukuza na kukamata watu. Aprili 2018 sinema ilifunguliwa tena mjini Riyadh, na tarehe 24 Juni mwaka huohuo wanawake wakaanza kuendesha magari kihalali. Mwaka 2019 mwanamke aliyetimiza miaka 21 aliruhusiwa kupata pasipoti na kusafiri bila ya idhini ya walii wake. Mwaka 2021 maduka yakaruhusiwa kubaki wazi wakati wa swala, na misikiti ikaamriwa ipunguze vipaza sauti vyake hadi thuluthi ya nguvu zake. Wapo waliouliza kwa nini sauti ya mikahawa nayo isipunguzwe.

Mwenyeji wetu, mzee ambaye babu zake walitoka Lamu na ambaye Kiswahili chake bado ni kitamu, alitueleza kwa insafu. Macho yake yamepungua nuru. Siku hizi bintiye ndiye anayempeleka hospitali kwa gari, bila ya kungoja dereva wa kukodi wala kaka arudi kazini. Kwa hilo anamshukuru Mungu kila siku. Lakini mwanawe wa kiume hurudi kutoka kwenye tamasha saa tisa usiku, na adhana ya Alfajiri humkuta amelala fofofo.

"Sheikh," alituambia, "zamani mwanangu alimwogopa mutawa. Mutawa amekwenda zake, nami sikuwahi kumfundisha kumwogopa Mola wake. Nilidhani kazi ile inafanywa na serikali."

Maneno hayo yalituingia. Jioni iliyofuata, sokoni, tulimwona muuza vitambaa mmoja kutoka Yemen. Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa, jirani zake waliendelea kuuza. Yeye alitandaza shuka juu ya bidhaa zake akaenda msikitini. Hakuna askari aliyemsukuma. Zamani asingetofautishwa na wenzake waliofunga kwa hofu ya kuadhibiwa. Sasa kila mpita njia anaona kwamba swala ile ni yake.

Kuhusu muziki wenyewe, tusiseme kwamba maulamaa walikuwa na kauli moja. Wengi wao waliharamisha ala za nyuzi na za kupuliza, na Ibn Hajar al-Haytami, Mshafi'i aliyeishi Makka, alitunga kitabu kizima kuukemea. Ibn Hazm wa Andalusia aliruhusu. Imamu Ghazali alitazama masharti: kinaimbwa nini, wapi, na kinamwelekeza msikilizaji wapi. Sisi twaegemea upande wa tahadhari. Lakini twajua kwamba Hijazi nayo ina mizmar, ngoma ya fimbo ambayo mtu wa Lamu akiiona ataikumbuka kirumbizi, na kwamba hata dufu la maulidi lilizua mzozo Lamu katika zama za Habib Swaleh kabla halijakubalika kwa wengi. Mzozo ule uliamuliwa kwa hoja, kwa subira na kwa mwenendo mwema, si kwa rungu.

Hapo ndipo ilipo rai yetu. Kosa la Saudia halikuwa kumruhusu mwanamke ashike usukani; hilo lilichelewa. Kasoro ni kwamba kufunga kulikuwa kwa amri, na kufungua kukawa kwa amri vilevile. Septemba 2017 masheikh kadhaa mashuhuri walitiwa kizuizini. Mei 2018, wiki chache kabla ya ruhusa ya magari, walikamatwa baadhi ya wanawake waliokuwa wakiidai ruhusa hiyohiyo. Pasipo na shura, anayepinga hunyamaza na anayeunga mkono hunyamaza pia, na kijana huachwa peke yake na kelele za usiku.

Sisi wa Pwani ya Kenya hatuna mutawa, na tusimtamani. Tuna jambo ambalo mwenyeji wetu hana. Katiba ya 2010 imezitambua mahakama za kadhi katika ndoa, talaka na mirathi, na imeamuru umma ushirikishwe sheria zinapotungwa. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za baa kuanza saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, ikazitaka ziwe umbali wa mita 300 kutoka shuleni, na ikampa raia nafasi ya kupinga ombi la leseni. Leo leseni hizo ziko mikononi mwa kaunti. Lakini linapoitwa baraza la maoni, ni wangapi kati yetu huhudhuria? Twalalamika kwenye kibaraza baada ya Isha, na muziki wa Mtwapa ukitukera twafunga dirisha.

Basi ombi letu kwa kila familia ni mambo mawili, na yote hayahitaji amri ya mtu. Kamati za misikiti zifuatilie matangazo ya leseni na mabaraza ya kaunti, ziende na hoja, kina mama wakiwemo, kwani wao ndio wanaokesha wakingoja watoto. Na baba akae na mwanawe usiku mmoja katika juma, amsikilize kwanza, kisha wazungumze juu ya kile anachokipenda na kile anachokiabudu. Sheria zitabadilika tena, huko na huku. Kijana aliyelelewa kwa mazungumzo hatahitaji kusubiri gazeti la serikali ndipo ajue aswali au alale.

Wabillahi tawfiq.