Ndimu na Chokaa

Katika nyumba ya mawe niliyozaliwa, mtaani Mkomani katika mji wa Lamu, maandalizi ya kuupokea mwezi wa Mfunguo Sita yalianzia pahala ambapo mwenyeji hapataji kwa sauti mbele ya wageni, napo ni msalani. Kufagia daka, kuosha kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, kutandika mikeka mipya na kuvipangusa vyombo vya kaure vilivyokaa katika zidaka, hayo yote yalikuwa na siku zake. Bali siku ya kwanza, baada ya sala ya alfajiri na kabla jua halijapanda kuta za kiwanda, bibi yangu mzaa mama alijifunga kanga moja kiunoni na ya pili kichwani, akatwaa ufagio wa chelewa, kumbi la nazi na karai la majivu, akapiga bismillahi nje ya mlango, akaingia kwa mguu wa kushoto kama ilivyo ada yetu, na hapakuwa na binti, mkwe wala jirani aliyethubutu kumpokea kazi ile.

Sababu ya bidii hiyo ilikuwa ni wageni. Kila mwaka, mwezi wa kuzaliwa Mtume ukiingia, Lamu hujaa watu wanaokuja kusoma Maulidi katika Msikiti wa Riyadha, ambao jina lake haliachani na jina la Habib Swaleh. Na katika utoto wangu, miaka ya 1950, wageni hao waligawanywa majumbani, hawa kwa udugu, wale kwa ujirani wa zamani, na wengine kwa ihsani tu. Waliteremka majahazini na mashuani, wametoka Pate, Siyu, Faza, Malindi na Mombasa, chumvi ya bahari imewakauka mwilini, na kwa hiyo jambo la kwanza walilolihitaji halikuwa kahawa wala halua, bali maji ya kukoga na faragha ya kujitahirisha. Bibi alikuwa akisema kwamba mgeni akikaa sebuleni humtazama mwenyeji, lakini akiingia msalani huitazama nyumba, kwa kuwa pale yu peke yake, hana wa kumwonea haya, na jicho lake hupata wasaa.

Msala wetu ulikuwa chumba chembamba chenye dari ya boriti za mikoko, kuta zake zimepigwa chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe, na pembeni mwake lilikaa birika. Nisemapo birika simaanishi lile la chai, bali hodhi la kujengwa kwa mawe na chokaa, lenye kina cha kufika kiunoni kwa mtu mzima, ambalo lilijazwa maji ya kisima ndoo kwa ndoo, na humo maji yakatekwa kwa kata ya kifuu yenye mpini mrefu wa mti. Chini kabisa, katikati ya sakafu yake, palikuwa pamepachikwa bakuli la kaure la Kichina, na ndani ya maji waliishi samaki wadogo wasiozidi urefu wa kidole, ambao kazi yao ilikuwa ni kula viluwiluwi vya mbu. Na maji yalipopungua, samaki walijikusanya katika lile bakuli, ambamo daima kilibaki kiasi cha kuwahifadhi uhai mpaka ndoo nyingine zimiminwe. Mwaka 1897 ndipo daktari Ronald Ross, huko Uhindi, alipomwona mdudu wa malaria ndani ya mbu. Lakini wazee wetu, ambao hawakuwa na darubini wala habari zake, walikuwa wamekwisha kuafikiana na samaki.

Siku ya usafi birika lilikaushwa, na hapo ndipo ilipofika zamu yangu. Bibi aliwateka wale samaki kwa kata, mmoja baada ya mwingine, akawatia katika chungu cha udongo, akanikabidhi nikae nacho kivulini nimfukuze paka, na mimi niliipokea amana hiyo kwa uzito kama niliyekabidhiwa hazina ya mji. Kutoka hapo niliposhika ulinzi nilimwona akisugua kuta za birika kwa majivu na kumbi, toka juu kwenda chini, kisha akisuuza mara tatu, na maji ya suuzo la mwisho yakitoka meupe ndipo aliporidhika. Kata ilisuguliwa kwa mchanga na kuanikwa juani. Taa ilishushwa katika kidaka chake ili masizi yafutwe, na vitu vyote vilivyokaa ukutani vikatolewa nje, vikahesabiwa, na kurudishwa kwa nidhamu isiyobadilika: miswaki katika kidaka cha juu, sabuni na madodoki katika cha kati, kopo la shaba la kutawadhia katika cha chini karibu na mkono, na chetezo peke yake, kwa kuwa udi, alisema, haupendi ujirani wa sabuni.

Kisha ikaja chokaa. Mabonge yake yalitumbukizwa katika debe la maji, nayo yakachemka na kufuka moshi pasi na moto, ajabu ambayo sisi watoto tuliitazama kwa mbali. Na ilipokwisha kutulia siku kadhaa, ikachujwa na kupakwa kutani mikono miwili, mwembamba juu ya mwembamba. Haikuwa pambo tu, kwa maana ukali wa chokaa huua ukungu, na ukuta uliopakwa huendelea kupumua unyevu wake. Ama kopo la shaba lilisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka likang'aa, lakini kazi hiyo ilifanywa kiwandani, kamwe si msalani. Mwaka mmoja, nikitaka kumfurahisha, niliingia na kipande cha ndimu nikaanza kufuta doa lililokuwa ukutani, na mara likatoka povu dogo, na weupe ukaanza kubanduka chini ya vidole vyangu. Bibi alinishika mkono taratibu, hakunikaripia, akaniambia: "Mwanangu, ndimu na chokaa hazikai chumba kimoja. Kikali na kikali vikikutana, huumia aliye kati yao."

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi nilimuuliza kwa nini haiachi kazi hiyo kwa vijana, naye akanyamaza kitambo, kisha akanihadithia jambo ambalo sikulisikia kwa mtu mwingine wa nyumba yetu. Alipokuwa mtoto, maji ya birika lile yalitekwa, na choo kile kilioshwa, kwa mikono ya mwanamke ambaye hakuwa na hiari ya kukataa. Mwaka 1907 serikali ya Waingereza ilipoifuta hadhi ya utumwa katika mwambao wetu, mwanamke yule alikunja mkeka wake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Na Mfunguo Sita ya kwanza iliyofuata, wageni wakiwa njiani baharini, ilidhihirika kwamba katika nyumba nzima iliyojaa watu wenye nasaba na elimu hapakuwa na hata mmoja aliyejua namna ya kulikausha birika bila ya kuwaua samaki. "Tulikuwa safi kwa jasho la mwingine," alisema bibi, "na usafi huo ulikuwa deni. Mimi nalilipa kila mwaka, kidogo kidogo, nisije nikakutana nalo siku ya hesabu."

Kwa kuwa mwezi wetu hufuata mwandamo, na mwaka wake hupungua siku kumi na moja hivi kwa mwaka wa jua, kazi hiyo ilizunguka majira yote: mara iliangukia kaskazi, chokaa ikakauka kwa nusu siku, mara iliangukia masika, tukaingojea juma zima huku ukuta ukitoa jasho. Katika mzunguko huo bibi akafariki, rehema ya Mungu iwe juu yake, na zamu ikamfikia mama.

Zama za mama zilikuwa zama za mfereji. Bomba liliingizwa ukutani, maji yakaja kwa kufungua tu, na birika, lililokuwa moyo wa chumba kile, likawa pahala pa kutilia madebe matupu na viti vilivyovunjika miguu. Samaki aliwabeba mwenyewe katika chungu kilekile akawapeleka katika birika la msikiti jirani, maana hakuweza kuwaona wakifa. Majivu yakaipisha sabuni ya unga, kumbi likaipisha brashi, na chokaa ikaipisha saruji na rangi ya mafuta, ambazo zilionekana kuwa imara zaidi, kumbe ziliufungia unyevu ndani ya mawe, na baada ya masika mawili rangi ikavimba na kumenyeka kama ngozi iliyoungua. Hata hivyo mama alishika jambo moja: msala ulikuwa wa kwanza, na aliuosha mwenyewe.

Mimi ndiye niliyeivunja silsila. Niliolewa Mombasa, nikawa mwalimu, nikakaa katika nyumba ya ghorofa yenye bafu la vigae vyeupe lisilo hata kidaka kimoja, na bila ya kulipitisha shauri hilo moyoni nilijikuta, kila inapokaribia Idi, nikianza na mapazia, na viti vya sebuleni, na vikombe vya kabatini, huku bafu nikimwachia binti aliyekuja kutusaidia kazi za nyumbani. Nilimlipa mshahara wake, nilimwita mwanangu, na niliamini kwamba kwa hayo mawili nimekwisha kutimiza haki. Chupa ziliongezeka mwaka hata mwaka, hii ya kung'arisha, hii ya kuondoa kutu, hii ya kuua vijidudu, zikapangwa kwa urefu wake juu ya ubao mmoja, wala sikupata kumweleza binti yule kilichomo ndani yake, kwa kuwa na mimi sikupata kusoma.

Mwishoni mwa Ramadhani moja, siku mbili kabla ya Idi, nilimwambia kuwa wageni ni wengi na bafu litakate kuliko siku zote. Alifunga mlango ili asiichafue njia, akamwaga dawa ya asidi ya kuondolea madoa, na alipoona doa halijatoka, akaongeza juu yake ile ya klorini ya kung'arishia nguo. Nilimsikia akikohoa kabla sijamwona. Alitoka ameshika ukuta, macho yanamchuruzika, pumzi haimtoshi. Tukamtoa rosheni akapate upepo, kisha tukampeleka kwa daktari, ambaye alitueleza kwamba vitu viwili vile vikichanganywa hutoa gesi inayounguza mapafu, na kwamba chumba kidogo kilichofungwa ndicho pahala pabaya kupita pote pa kukutana nayo. Kwa rehema ya Mungu alipona. Lakini usiku ule sikulala, maana nililisikia neno la bibi kama aliyeketi ukingoni mwa kitanda changu, kikali na kikali vikikutana huumia aliye kati yao, nikatambua kwamba wasia ule ulikuwa mikononi mwangu miaka yote ile, na kwamba nilimnyima aliyeuhitaji kwa sababu moja tu, ya kuwa nilikwisha kujiondoa katika kazi yenyewe. Asiyeshika ufagio hawezi kumfundisha mwingine hatari zake.

Asubuhi yake niliingia bafuni mwenyewe. Nilifungua dirisha, nikazitoa chupa zote, nikasoma maandishi ya kila moja, nyingi nikazitupa. Zilizobaki nikazigawa, za asidi katika kabati la chini jikoni, ya klorini katika sanduku mbali nazo, nikamwita binti tukasomeshana. Tangu siku ile sikumwachia tena.

Nilipostaafu nilirejea Mkomani. Nilimtafuta fundi anayejua chokaa, akaibandua saruji, akaziba nyufa za birika, na sikufanya hivyo kwa kutamani ya kale peke yake, kwa kuwa siku hizi kuna siku ambazo mfereji haudondoshi hata tone, na nyumba iliyohifadhi maji ndiyo inayoweza kumstahi mgeni. Bakuli la Kichina lilikuwa lingali palepale chini ya takataka za miaka arobaini, limepasuka ukingo lakini halivuji. Samaki nikawaomba msikitini. Sina hakika kama ni wa ukoo wa wale tuliowapeleka, lakini moyo wangu umekubali hivyo.

Mfunguo Sita iliyopita binti yule, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu na ana duka lake, alikuja Lamu kwa Maulidi akafikia kwangu. Juma moja kabla, baada ya alfajiri, nilikuwa nimejifunga kanga mbili nikaingia na majivu na kumbi, magoti yakiniuma, na mjukuu wangu ameketi kivulini na chungu chake akimfukuza paka. Mgeni wangu alipanda kutoka gatini na chumvi usoni, nikampa taulo, nikamwonyesha mlango. Alikaa kitambo, nikisikia kata ikigonga ukingo wa birika. Alipotoka, uso umelowa na kung'aa, hakusema neno juu ya kuta wala sakafu, aliuliza tu, "Mama, wale samaki mnawalisha nini?"

Nikamwambia, "Hujilisha wenyewe, mwanangu. Njoo unywe kahawa."